Migomba ya Fundi Meno

Fundi Meno aliishi kwa kutengeneza tabasamu za watu wengine. Kwa miaka thelathini na mmoja alikuwa amekaa katika chumba cha nyuma cha kliniki ya meno, chumba chenye dirisha moja na feni isiyozunguka, akiyeyusha nta, akikoroga plasta, akipanga jino moja moja juu ya ufizi wa plastiki, mpaka mtu aliyeingia bila kitu kinywani atoke na mdomo wa kwendea harusini.

Alikuwa mwembamba, mpole, mwenye miwani miwili, mmoja puani na mwingine utosini, na alikuwa na tabia ya kumtazama mtu mdomoni badala ya machoni anapoongea naye. Waliomjua walishazoea. Wasiomjua walijifuta midomo haraka wakidhani wana makombo.

Mkewe alikuwa mkunga wa hospitali ya wazazi, mwanamke wa sauti kubwa na hatua ndefu. Walizaa mapacha mara moja tu wakakoma, na tangu hapo wakaitana Baba Mapacha na Mama Mapacha. Mapacha wenyewe walikuwa wameshaoa, kila mmoja na kwake. Nyumba ilikuwa imepoa. Uani mbele hapakuwa na kitu ila kamba ya nguo, jiwe la kufulia, na ukuta mfupi unaomfika mtu kiunoni.

Mgomba wa kwanza Fundi Meno aliuokota kazini. Daktari mwenye kliniki, mama mmoja nadhifu sana, alikuwa ameletewa zawadi ya mgomba wa mapambo kwenye chungu, akauweka mapokezi. Maskini, mgomba ule uliona mambo. Wagonjwa waliotoka ndani midomo imekufa ganzi waliutemea maji ya kusukutulia, wengine wakauachia na pamba. Mwaka ulipokatika ulikuwa na jani moja na nusu. Daktari akaamuru utupwe. Jioni, Fundi Meno anatoka kazini, akaukuta umeegemezwa kwenye pipa la taka mlango wa nyuma, umeinama kama abiria aliyeshushwa njiani. Akashindwa kuupita. Akaupakata mpaka nyumbani.

"Nini tena hicho, Baba Mapacha?" mkewe akauliza mlangoni.

"Mgomba."

"Naona ni mgomba. Unaumwa."

"Ndiyo maana nimeuleta kwa muuguzi."

Mkewe akacheka, na mkewe akishacheka huwa jambo limekwisha. Wakaupanda karibu na jiwe la kufulia, mahali ambapo maji ya povu hayakatiki. Fundi Meno akaulisha maganda ya viazi, majivu, na maji ya kuoshea mchele. Mgomba ukajisikia uko kwao. Ukatoa majani mapana, ukampita yeye mwenyewe kimo, na asubuhi moja ya Jumapili akatoka na mswaki mdomoni akaukuta umezaa.

Hakuwa amewahi kuona ndizi za namna ile. Zilikuwa fupi, nono, zimesimama zikitazama juu badala ya kuning'inia, na zimevaa manyoya laini kama mahameli. Na rangi! Fundi Meno akavua miwani ya puani akashusha ya utosini. Ilikuwa rangi ya ufizi. Ilikuwa ileile ya ufizi wa mtoto mwenye afya, rangi aliyoihangaikia miaka thelathini na mmoja kwa kuchanganya poda nne bila kuipata sawasawa. Na hapa mgomba umeipata kwa maji ya mchele.

"Mama Mapacha! Njoo mbio!"

Mkewe akatoka na taulo begani na mikono imeshakunjwa, akidhani kuna mtu anajifungua getini.

"Yuko wapi?"

"Tazama," alisema Fundi Meno, akinyoosha mswaki. "Mkunga kaletewa mkungu."

Akacheka mwenyewe mpaka akapaliwa na dawa ya meno. Kwa mtu mpole kama yeye huo ulikuwa utani mkubwa, na aliurudia wiki tatu mfululizo, kwa majirani, kwa wagonjwa, kwa msoma mita wa maji, mpaka mkewe akampiga marufuku.

Baada ya hapo hakushikika. Mgomba ulitoa machipukizi, akayahamishia kwenye madebe. Machipukizi yakatoa machipukizi. Kinyozi akampa mwingine wenye majani yenye mabaka mekundu kama damu, naye akaupokea kwa mikono miwili. Sufuria lililotoboka likapata mgomba. Sinki bovu la kliniki likapata miwili. Mwaka wa tatu ilikuwa kumi na tisa, na kamba ya nguo ilibidi ihamie nyuma ya nyumba kwa sababu mashuka yalikuwa yanapotea humo ndani.

Kila aliyepita aliuliza swali moja. "Fundi, hizo zinaliwa?"

"Zinatazamwa."

"Zinatazamwa, halafu?"

"Halafu unakwenda zako."

Mambo yangebaki hapo kama ndizi zile zingekuwa na adabu ya ndizi nyingine. Lakini ndizi hizi zina kituko chao: zikiiva, zinajimenya. Hakuna mtu anayezigusa. Ganda linapasuka juu, linajikunja pembeni kama mtu anayevua koti, na nyama nyeupe inabaki nje, imejileta yenyewe kwa mpita njia. Ukuta, kama tulivyosema, ulikuwa wa kiunoni.

Wa kwanza kunasa alikuwa fundi viatu wa pembeni. Anatoka kwake hana hili wala lile, akaona ndizi imemfungukia usoni. Akatazama kushoto, akatazama kulia, akachomoa. Ulimi ukapokea utamu wa ajabu. Akatafuna. Kra!

Kwa maana nyama ile tamu imejaa mbegu nyeusi, ngumu kama changarawe, na fundi viatu, ambaye ana mazoea ya kushika misumari kwa meno kutwa nzima bila kudhurika, alimega gego lake nusu kwa nusu.

Wiki ileile mwuza magazeti akafuata. Kisha akaja mwanamke mmoja aliyekataa kabisa kusema alikuwa anakula nini. Daktari alipoling'oa jino lake, mbegu nyeusi ikadondoka kwenye sahani ya chuma, ikalia ting'. Akaitazama. Akaenda chumba cha nyuma, akafunga mlango.

"Fundi, nikuulize kwa wema. Unanitafutia wagonjwa?"

"Mimi, Daktari?"

"Watu watatu, mtaa mmoja, mbegu moja. Na wote wanasema walikuwa wanapita kwako."

Fundi Meno alitamani ardhi ipasuke. Jioni ile akachukua ubao, akaandika kwa rangi nyekundu: HAZILIWI. ZINATAZAMWA TU. Akautundika ukutani.

Ubao ule ndio uliomwaga mafuta kwenye moto. Waliokuwa hawajui kwamba kuna ndizi wakajua. Waliokuwa wanajua wakasema kitu kinachokatazwa kwa rangi nyekundu lazima ni kitamu kupita kiasi, na huyu mzee anataka kula peke yake. Ndani ya siku nne meno mawili mengine yakaondoka, na maneno yakaanza kutembea: kwamba Fundi Meno amepanda mtego. Mtu anayetengeneza meno ya bandia anapanda matunda ya kuvunja meno. Unataka ushahidi gani tena?

Maneno yakamfikia Mjumbe wa mtaa. Huyu alikuwa mzee wa suti, mwenye sauti ya redio, mtu asiyeweza kuomba chumvi mezani bila kuanza na salamu kwa wote waliohudhuria. Alitabasamu kwa meno meupe yaliyojipanga kama askari wa gwaride. Mtaa mzima uliyasifu meno yale, na kati ya wote hao ni mtu mmoja tu aliyejua yametoka wapi. Miaka minane nyuma, Mjumbe alikuwa ameingia kliniki kwa mlango wa nyuma, kofia imeshuka mpaka puani, akamwapisha Fundi Meno asimwambie mtu, hata mkewe. Fundi Meno aliapa, na hakumwambia hata mkewe.

Sasa Mjumbe huyohuyo akatuma barua: Jumamosi, saa nne asubuhi, kamati itafika kukagua "mimea inayodaiwa kuhatarisha vinywa vya raia".

"Watang'oa yote," Fundi Meno alimwambia mkewe.

"Hawang'oi kitu. Waache waje."

"Wewe utakuwepo?"

"Niko zamu. Lakini Mama anakuja Ijumaa, hutakuwa peke yako."

Mama mkwe alikuwa ajuza mfupi, mkakamavu, aliyekula chumvi nyingi na asiyeogopa mtu. Fundi Meno alimheshimu kiasi kwamba akikaa naye chumba kimoja alisahau mikono yake iwekwe wapi. Tena yeye ndiye aliyemtengenezea meno, na siku ya kumpima ilikuwa mtihani wa maisha yake: kumwingizia mkwe wako vidole kinywani! Alifanya kazi yote macho ameyafumba, huku akisema "samahani, Mama, samahani, Mama," na mama mkwe akijibu "Aa, aa," kwa sababu hakuweza kujibu vingine. Cha ajabu, hayakuwahi kutoka mikononi mwake meno yaliyokaa vizuri kuliko yale.

Jumamosi ikafika. Saa nne kamili Mjumbe akaingia getini na suti ya kijivu. Nyuma yake alikuwa katibu wa mtaa, msichana mwenye daftari na macho ya haraka, na nyuma kabisa fundi viatu kama mlalamikaji, shavu limevimba upande mmoja kama amehifadhi limau. Fundi Meno akawakaribisha, akagundua kwamba viti havitoshi, akakimbilia ndani. Kiti cha tatu kilikuwa juu ya kabati kimezibwa na masanduku ya mapacha. Akapanda juu ya meza. Alichelewa.

Huku nje, mama mkwe alisikia wageni wanakohoa. Wageni wamekaa midomo mikavu! Kwa binti yake! Akaingia jikoni, asione kitu cha haraka, akatoka kwa mlango mwingine, akakata chana nzima ya ndizi zilizojimenya, akazikata vipande bakulini, akamwagia maziwa na asali juu. Akaja nazo kwa sinia lenye kitambaa cha kufuma.

"Karibuni, wanangu. Msione haya."

Mjumbe alikuwa ameshaanza kusoma. Alikuwa na karatasi ya hoja kumi na moja, na alikuwa mtu wa kusoma huku anakula na kula huku anasoma. Akanyoosha mkono, akapokea bakuli bila kuinua macho, akasema asante kwa niaba ya kamati. Katibu akaona vidoti vyeusi kwenye maziwa. Akafungua mdomo, akakumbuka kwamba mara ya mwisho alipomkatiza Mjumbe alipewa kazi ya kuhesabu mitaro ya mtaa mzima, akaufunga. Fundi viatu naye aliona. Yeye alitambua kabisa ni nini. Akajikausha kimya, mikono magotini, kama mtu anayesubiri basi, maana kwa siku kumi na mbili alikuwa ameumia peke yake na sasa alihisi faraja inakaribia.

"Hoja ya tano," Mjumbe akasoma, kijiko kinapanda, "kwamba mimea hii haina faida kwa jamii." Akameza. "Hoja ya sita. Kwamba mshtakiwa, kwa makusudi na kwa akili timamu, ameweka mtego wa..."

Kra!

Si mlio mkubwa. Lakini karatasi ikashuka, na uso wa Mjumbe ukabadilika umbo. Mashavu yakaingia ndani. Kidevu kikapanda juu kuisalimia pua. Na ndani ya bakuli, katikati ya maziwa na asali, meno kumi na manne meupe yakaelea yakitabasamu, yamepasuka katikati, kila nusu ikitabasamu upande wake.

Wakati huohuo Fundi Meno akatokea mlangoni amebeba kiti kichwani. Akaona bakuli. Akaitambua kazi yake kwa umbali wa hatua tano, kama mzazi anavyomtambua mwanawe kwenye mkusanyiko. Akamwona Mjumbe, mkono mdomoni, macho yanamwomba kwa lugha ambayo haina maneno. Akamwona katibu anainua kalamu.

Fundi Meno hakuwahi kusema uongo wa maana maishani mwake. Ule ulimtoka wenyewe.

"Afadhali!" akapiga kelele, akakitupa kiti, akalinyakua bakuli. "Sampuli yangu ya kazini! Naitafuta tangu asubuhi! Mama, umewapa wageni bakuli la sampuli!"

"Bakuli la nini?" mama mkwe akauliza.

"Sampuli ya meno ndani ya maziwa?" katibu akauliza.

"Huwekwa kwenye maziwa yasikauke," alijibu Fundi Meno. "Na asali kidogo. Ni utaalamu mpya."

Akatokomea jikoni. Huku nje katibu akafunua ukurasa wa daftari, akasema kwa adabu, "Mjumbe, tuendelee na hoja ya saba?"

Mjumbe akatikisa kichwa, mkono bado mdomoni.

"Ya nane?"

Akatikisa tena.

"Basi niandike kwamba hakuna la kuongeza?"

Mjumbe akaitikia kwa kichwa.

"Na niandike kwamba shauri limefutwa?"

Mjumbe akaitikia kwa nguvu zote, mpaka tai ikarukaruka. Katibu akaandika. Fundi viatu akataka kupinga, lakini alikuwa anazuia kicheko, na kicheko kilikuwa kinaliumiza lile gego bovu, kwa hiyo akabaki analia na kucheka kwa pamoja.

"Mzee huyu ana busara," mama mkwe akamwambia katibu. "Viongozi wengine wanaongea mno." Kisha akamgeukia fundi viatu. "Na wewe baba, unalia nini? Nani aliyekuambia ndizi hizi zinatafunwa? Tazama." Akachuma moja, akaiweka mdomoni, akaifyonza taratibu macho yamefumba, ulimi ukifanya kazi huku na huku, kisha fyu, fyu, fyu, mbegu zikaruka ukuta moja baada ya nyingine, kavu kabisa. "Unafyonza. Mbegu unatema. Meno yanakaa pembeni yanatazama."

Fundi viatu akajaribu. Akafunga macho. "Haa!" akasema. "Kumbe!" Akachuma ya pili bila kuombwa.

Dirisha la jikoni likafunguka kidogo. "Mjumbe," Fundi Meno akaita, "hebu nisaidie kutazama bomba hili, nasikia wewe mtaalamu wa mabomba."

Mjumbe aliinuka haraka kuliko umri wake. Jikoni, juu ya meza ya kukatia vitunguu, Fundi Meno alikuwa ametandaza vifaa vyake vya akiba na kuunganisha nusu mbili zile, anazipulizia kwa mdomo zikauke. Mjumbe akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Kwa nusu saa hawakusema kitu, mmoja kwa kazi, mwingine kwa kukosa vitendea kazi. Kisha Fundi Meno akamkabidhi meno, na akageuka kutazama ukuta, kwa heshima, mpaka aliposikia yameingia tap.

"Fundi," sauti ya redio ikasema, lakini chini chini.

"Naam, Mjumbe."

"Nisamehe ile hoja ya sita."

"Imeshapita."

Mjumbe akanyanyuka, akaikung'uta suti vumbi, akafika mlangoni, akasita. "Kabla haijatokea ile ajali nilikuwa nimemeza vijiko vitatu," akasema. "Sijui nisemeje. Nifungie chache."

Mama Mapacha aliporudi kutoka zamu saa tisa alikuta watu saba uani kwake, mama yake katikati yao amekaa juu ya jiwe la kufulia anawakosoa. "Wewe unakunja midomo mno. Lainisha." Mumewe alipomaliza kumsimulia, akimnong'oneza jikoni kila kitu isipokuwa meno yalikuwa ya nani, alicheka mpaka akashika mbavu, kisha akamwuliza kwa ukali, "Sasa sampuli ilikuwa ya nani?"

"Ya kazini," alisema Fundi Meno, akazidisha bidii ya kuosha vikombe.

Mama mkwe aliyekuja kwa siku tatu akakaa wiki sita. Asubuhi yeye na mkwewe walimwagilia pamoja, wakibishana kuhusu majivu, na Fundi Meno aligundua siku moja kwamba amekuwa akimkatalia waziwazi kwa robo saa nzima, na mikono yake iko mahali pake, kiunoni. Daktari wa meno alikuja mwenyewe kuona. Alizunguka bustani, akagusa mahameli kwa kidole kimoja, akaomba chipukizi moja kwa ajili ya mapokezi, na Fundi Meno akampa kwa masharti ya maandishi kuhusu maji ya kusukutulia.

Siku ya mama mkwe kuondoka, alichagua mgomba mkubwa kuliko yote, ule wa mabaka mekundu, akakataa mdogo. Uliingia kwenye teksi kwa taabu, shina kiti cha nyuma, majani yamechungulia nje kwa madirisha yote mawili. Dereva alilalamika haoni nyuma. Mama mkwe akamwambia nyuma hakuna anachokiendea, aangalie mbele.

Baada ya wiki simu ikalia kliniki, Fundi Meno mikono imejaa plasta. Akaishika kwa kiwiko.

"Baba," mama mkwe akasema, "huu mgomba wako kuku wamepanda juu yake, hawataki kushuka. Jogoo amekaa kwenye jani la juu kabisa anawika saa zote."

"Umewaita kwa mtama?"

"Nimewaita kwa mtama, nimewaita kwa ufagio. Wananitazama tu. Sasa nifanyeje?"

Fundi Meno akafikiri, plasta ikigandia vidoleni. "Nakuja Jumamosi, Mama," akasema. "Usiwaguse. Nakuja na ngazi."